Somo: Jikoni mwa nyumba ya kupanga, kwa pesa kidogo

Wengi mmeniuliza kuhusu jikoni za nyumba za Migosi na Manyatta: rangi ya krimu iliyogeuka manjano, milango ya kabati iliyoshiba mafuta, kaunta iliyopauka. Somo hili ni la mpangaji wa Kisumu mwenye kama shilingi 5,000 na dipoziti ambayo hataki kuiacha.

1. Ruhusa. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe, usimtume keretekaa kwa mdomo. Taja utakachopaka na kwa rangi gani. Piga picha kila pembe kabla hujagusa kitu.

2. Toa mafuta. Kazi yote iko hapa, na hapa ndipo watu huruka. Ukuta ulio nyuma ya jiko umekula mvuke wa kukaanga samaki tangu enzi za wapangaji waliokutangulia. Ukibandika stika (karatasi ya mapambo yenye gundi nyuma) juu yake, kingo zitaanza kujikunja mapema. Chukua maji moto, sabuni ya vyombo na sponji. Palipogandamana paka rojo la bekingi soda, uliache kidogo kisha usugue. Suuza kwa maji safi. Rudia hadi kidole kikipita kisiteleze. Halafu fungua madirisha, ukuta ukauke usiku kucha, na msimu wa mvua uupe siku nzima. Hewa ya ziwa haina haraka.

3. Milango ya kabati. Fungua vishikio, piga msasa mwepesi, futa vumbi, paka undakoti, kisha rangi ya mafuta koti mbili nyembamba. Koti moja nene hutiririka. Rangi ya maji ya ukutani haitavumilia kusuguliwa. Ukienda hadweya kununua vishikio, uwe umepima nafasi kati ya matundu ya zamani, la sivyo utatoboa mapya kwenye mali ya mtu. Vya zamani vifungie mfukoni, uvirudishe ukihama.

4. Stika ya marumaru. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, ukisukuma hewa kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa. Isikaribie moto. Kando ya sinki ziba kwa silikoni, na usimwage maji hapo kwa saa 24.

5. Rafu. Nenda Kibuye Jumapili, utafute ya kusimama yenyewe. Hakuna drili, hakuna ugomvi.

6. Balbu. Mimi napenda yenye mwanga wa njano. Nyeupe kali huwaita wadudu wa ziwa kwa wingi zaidi.

Maswali ya wanachama

*Manyatta:* Mwalimu, mtungi wangu wa gesi uko chini ya kaunta. Naweza kuuficha kwa pazia?

Jibu: Dada, pazia fupi lisilofika sakafuni, sawa. Mlango wa kuziba kabisa, hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kukusanyika. Usizibe tundu lolote la hewa lililo karibu na sakafu, na pitisha povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta. Likitoa mapovu, funga mtungi kwanza, maswali baadaye.

*Nyalenda:* Nikibandua stika, rangi ya landilodi itatoka nayo?

Jibu: Ikiwa ilipakwa juu ya vumbi, itatoka. Jaribu kipande nyuma ya friji kwa wiki moja. Siku ya kuibandua, ipashe moto kwa blodraya, uivute polepole ukiikunja ilale juu ya ukuta. Ukiivuta kukuelekea utang'oa hadi plasta.

*Kakamega:* Kaunta yangu ni ya simiti, ina mabonde.

Jibu: Stika itaonyesha kila bonde. Fundi akukatie plaiwudi kwa kipimo, uipake vanishi pande zote mbili na kingo zake, uilaze juu bila msumari. Pale jiko linapokaa, acha simiti wazi.

*Kondele:* Na sinki ikinuka hata baada ya kuosha?

Jibu: Hapo weka pochi chini, ndugu yangu. Bomba ni la mwenye nyumba. Mpigie keretekaa.