Damu isiyopanda: mambo ya kuzingatia kabla hujarudi kliniki

Huku kwetu Mwanza, damu ikipungua washukiwa wa kwanza ni wenyeji: malaria, kichocho cha ziwani, safura, sikoseli, uhaba wa madini ya chuma. Hao wapimwe kwanza. Upungufu wa madini ya shaba ni mgeni wa nadra. Lakini kama umemeza vidonge vya kuongeza damu miezi na miezi na kipimo hakisogei, kabla hujapanda daladala kurudi hospitali ya Bugando au kwingineko, kaa chini ukumbuke.

Uliwahi kupasuliwa tumbo, ukakatwa sehemu ya mfuko wa chakula? Shaba hufyonzwa hapo na mwanzoni mwa utumbo mdogo. Hata kama ni miaka kumi iliyopita, sema.

Kisha zinki, na hapa ndipo ninapokazia. Kusanya kila kopo unalomeza, la duka la dawa na la yule jirani mwenye mkoba wa “virutubisho”, ubebe yote. Mtu mzima anahitaji miligramu 8 hadi 11 za zinki kwa siku, kikomo 40. Kuna vidonge vyenye 50 kwa kimoja. Zinki ikizidi, seli za utumbo hutengeneza protini inayoing’ang’ania shaba, na seli zile zikipukutika, shaba inaondoka na choo. Sasa bila shaba, chuma hukwama ghalani mwilini, hakifiki kwenye uboho kunakotengenezwa damu. Ndiyo maana vidonge vyako vinagonga mwamba. (Zinki ya mtoto anayeharisha, ya siku 10 hadi 14, haimo kwenye lawama hii. Mpe amalize.)

Miguu je? Ganzi, au kuyumba ukitembea gizani? Kukosa shaba huleta hayo pia, na hufanana sana na upungufu wa vitamini B12, kwa hiyo taja mapema: damu hurudi ndani ya wiki chache za matibabu, mishipa ya fahamu huenda isirudi yote. Beba pia majibu ya zamani, daktari aone kama chembe nyeupe nazo zimeshuka.

Vipimo vyenyewe ni kiwango cha shaba na cha seruloplasmini (protini inayobeba shaba) kwenye damu. Piga simu uulize kama maabara wanavipima hapohapo au sampuli inasafirishwa, na bei yake. Kama una mimba au maambukizi, sema, kwani vyote viwili hupandisha viwango na kuficha upungufu.

Bangili ya shaba mkononi haiongezi kitu. Vidonge vya shaba navyo usinunue kabla ya majibu, vikizidi vinaumiza ini. Maini, korosho na ufuta unaweza kula hata leo.