Somo: Kusoma saketi ya mikroRNA na protini za unukuzi katika saratani ya utumbo mpana

Wengi huanza mada hii kwa kukariri orodha: mikroRNA hii imepanda, ile imeshuka. Achaneni na orodha kwanza. Ulizeni nani anamwamuru nani.

Hatua ya 1: Tenganisha ngazi mbili. Protini ya unukuzi hushika DNA ndani ya kiini cha seli na kuamua jeni inakiliwe au la. MikroRNA huja baadaye. Ni uzi mfupi wa RNA wenye herufi 22 hivi, unaoshika RNA mjumbe iliyokwisha nakiliwa na kuizuia isizae protini, au kuifanya ivunjwe. Herufi ya 2 hadi ya 8 ndizo zenye uzito zaidi katika kushika huko, ndiyo maana mikroRNA moja hugusa jeni nyingi mno.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo cha msukumo. Katika uvimbe mwingi wa utumbo mpana jeni ya APC imeharibika. Kazi yake mojawapo ni kusaidia protini iitwayo beta-katenini ivunjwe. APC ikishindwa, beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini, huungana na TCF4, ambayo ni protini ya unukuzi, na kuwasha jeni ya MYC. MYC nayo hutoa protini ya unukuzi, na huwasha kundi la mikroRNA (kwa kifupi miR) liitwalo miR-17-92 lililoko kwenye kromosomu ya 13. Kromosomu hiyo mara nyingi huongezeka nakala katika saratani hii, kwa hiyo kundi hilo hupata msukumo mara mbili.

Hatua ya 3: Fuata breki. Hapa msiharakishe, maana ndipo kiini cha somo kilipo. p53, protini ya unukuzi inayozuia saratani, huwasha miR-34a. miR-34a humkandamiza SNAIL, protini ya unukuzi inayozima E-kadherini (gundi inayoshikanisha seli), na SNAIL naye huikandamiza jeni ya miR-34a. ZEB1, protini nyingine ya unukuzi, na miR-200 wana ugomvi wa namna hiyohiyo. Wawili wanaozimana hawadumu sawa kwa sawa. miR-200 ikishinda, E-kadherini hubaki na seli hushikana na jirani zake; ZEB1 ikishinda, E-kadherini hupungua, seli hulegea na kuweza kuhama. p53 ikiharibika, jambo la kawaida katika saratani hii, mizani huelemea upande wa SNAIL.

Hatua ya 4: Chora. Mshale kwa kuwasha, kistari butu kwa kuzima. Mchoro ukirudi ulikoanzia, umepata kitanzi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona hukuitaja miR-21?*
Swali zuri. Hupanda katika saratani hii na kukandamiza jeni za PDCD4 na PTEN, ambazo huzuia ukuaji wa uvimbe. Iongeze kwenye mchoro wako upande wa msukumo.

*Kama miR-34a ni breki, kwa nini isirudishwe kama dawa?*
Ilijaribiwa. Dawa ya MRX34 ilibeba miR-34a ya kutengenezwa, lakini majaribio kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali yalisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya madhara makali ya kinga ya mwili. Kumbuka hatua ya 1: ukiongeza mikroRNA, unagusa jeni nyingi kwa pamoja.

*Mwalimu, basi nipime miR-21 kwenye damu badala ya kolonoskopi (kuchunguza utumbo mpana kwa kamera)?*
Hapana, tafadhali. miR-21 hupanda pia katika saratani nyingine na hata katika uvimbe usio wa saratani, unaoletwa na kinga ya mwili. Kolonoskopi huonyesha ukuta wa utumbo wenyewe, na polipu (kinyama kinachoota kwenye ukuta huo) inaweza kuondolewa papo hapo kabla haijawa saratani. Ukiona damu kwenye kinyesi, nenda kwa daktari.