Somo: Maana ya muziki wa atonali na namna ya kuutambua kwa sikio

Muziki wa atonali ni muziki usio na sauti ya msingi, yaani hakuna noti moja ambayo nyingine zote huielekea na kutulia zinapoifikia. Maana hii hukaririwa kwa urahisi lakini haieleweki mpaka mtu aimbe, kwa hiyo nakuomba uimbe.

Hatua ya kwanza: Imba do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha unyamaze hapohapo kwenye ti. Utahisi kiu ya kuifikia do ya juu, iliyo nusu toni tu mbele yako. Kiu hiyo ndiyo utonali wenyewe, na ninashauri uirudie hatua hii hadi uihisi vizuri, kwani yote yanayofuata yanaitegemea.

Hatua ya pili: Hesabu vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi, kuanzia do hadi kabla ya do inayofuata, utapata 12, ilhali skeli ya meja, yaani ile do, re, mi uliyoimba, hutumia 7 tu. Zipige noti zote 12 bila kufuata skeli yoyote na bila kuikazia hata moja, kisha ujaribu kuimba do. Hutaipata, kwa sababu haipo.

Hatua ya tatu: Sikiliza kazi ya pili ya mtunzi Arnold Schoenberg kwa fidla mbili, viola na selo, ya mwaka 1908, ambayo katika sehemu zake za mwisho huongezwa sauti ya soprano. Sehemu ya kwanza ina ufunguo, yaani ina do yake ya kutulia. Ya nne haina alama za ufunguo, ingawa hatimaye hutua kwenye sauti za meja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, wimbo unaobadilisha ufunguo mara kwa mara ni atonali?
Jibu: Hapana. Wimbo huo huihamisha do, hauifuti.

Swali: Je, muziki wa atonali ni kitu kilekile na mfumo wa noti 12?
Jibu: Wengi huvichanganya. Schoenberg alitunga bila ufunguo tangu mwaka 1908, lakini mfumo huo, unaozipanga noti zote 12 katika safu maalumu, aliukamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Swali: Basi, samahani mwalimu, kabla ya mfumo huo kazi zake za atonali zilikuwa kelele tu?
Jibu: La hasha. Schoenberg mwenyewe hakulipenda neno atonali, na naona alikuwa na haki, kwa kuwa linataja kilichokosekana tu. Ukifuata katika muziki huo kikundi cha noti tatu kikirudi kwa kugeuzwa, kwa kupanuliwa au kwa mdundo mwingine, utaanza kuusikia utaratibu wake.