Dada wa Malindi unataka MMA iwe kazi yako? Anzia chini

Kila wiki lazima nipate meseji mbili tatu za wasichana wa hapa Malindi, wengine Mambrui, wengine Watamu, na swali huwa ni hilo hilo, dada mi nataka kupigana MMA, ule mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, kama kazi lakini kwetu hakuna keji, ule uzio wa kupigania, nianze wapi. Keji isikutie wasiwasi. Mi keji niliigusa mara ya kwanza siku ile ile ya kupigana, kabla ya hapo ilikua ni mchanga wa ufuo wa Silversand hapa Malindi na mati mbili kuukuu kwa ukumbi wa kuazima. Ngumi wasichana wa Pwani mnazo. Mnachokosa ni kazi ya chini, ile ya kuangushwa ukakaliwa tumboni na bado ukajua la kufanya, na kuna mapromota watakuita upigane kabla hujaijua manake wanahitaji mtu wa kushindwa. Kwa hivo usikubali pambano la pesa mpaka uweze kutoka chini ya mtu mzito kukushinda. Hili ndo nitalirudia mpaka mwisho.

Tafuta kwanza mchezo mmoja wa kukulea. Kenya rahisi kupata ni ndondi, taekwondo, karate na judo, angalia ni mwalimu gani yuko karibu na wewe na anafundisha wasichana kwa heshima, huyo ndo wako, kaa nae hata miaka miwili. Msingi wowote unafaa bora uwe umeshika kweli. Ronda Rousey alikua mtu wa judo, akachukua shaba Olimpiki ya Beijing 2008, na Februari 2013 akapigana na Liz Carmouche kwenye pambano la kwanza la wanawake kuwahi kufanyika UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, akalimaliza raundi ya kwanza kwa kumfunga kiwiko. Novemba 2015 kule Melbourne akakutana na Holly Holm aliyetoka ndondi, akapigwa teke la shingoni akalala. Na mtu akikwambia ngumi si za wanawake mwambie kuna Fatuma Zarika, Mkenya mwenzetu, alienda Marekani 2016 akarudi na mkanda wa dunia wa ndondi wa WBC.

Sasa chini. Maji yakipwa mchanga unabaki mgumu wenye unyevu, hauumizi mgongo, mi hapo ndo nafundishia. Juzi nilikua na binti wa Barani, kilo 54, nikamlaza chali, mwenzake wa kilo 63 akamkalia tumboni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumsukuma kifua kwa mikono miwili imenyooka, kila mtu hufanya hivo, nikamwambia mwanangu hapo ushampa kiwiko chako akivunje. Rudisha viwiko ubavuni. Shika mkono wake mmoja juu ya kiganja na uubane kifuani kwako, mguu wako wa upande huo huo upite nje ya mguu wake uufungie, alafu inua kiuno juu kwa nguvu kaa unataka kumrusha apite juu ya kichwa chako na ugeuke kwa bega la upande ule uliofunga. Hana mkono wa kujizuia, hana mguu wa kujizuia, lazima aanguke. Mara ya kwanza akasahau mguu. Mara ya pili akageuka kabla ya kuinua kiuno, yule mwenzake hata hakutikisika. Mara ya tatu nikaona tu mchanga unaruka na yeye yuko juu, nywele zimejaa mchanga, hata hakucheka, akaniuliza turudie. Fanya hio mara 20 kila upande kila siku kwa miezi, na mwenzako awe anapinga kweli, hakuna faida ya kubingirisha mtu anayekusaidia kuanguka.

Ya pili ni ngeta. Ndio hio hio ya vichochoroni, mtu amekutokea nyuma mkono umezunguka shingo, kwenye MMA mapambano mengi sana yanaishia hapo. Kidevu chini, mikono yako yote miwili ikamate mkono wake mmoja, usipapase. Na kwa mazoezi gonga mapema, yaani mpige mwenzako kofi dogo ajue umekubali akuachie, sio aibu, anayengoja mpaka macho yaingie giza anajipotezea wiki za mazoezi na siku moja ataumia kweli.

Vifaa sitakaa sana. Nunua kinga ya meno kabla ya kitu chochote kingine, alafu bandeji za mikono, sidiria ya mazoezi inayobana vizuri, na glavu za aunsi 16 za sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, manake zile za kupigania kwa pesa ni aunsi 4 tu, hazifai kumpiga mwenzako kila siku. Glavu za kuazimana kausha jua, na ukiona choa kwa ngozi yako kaa nje mpaka ipone, utawaambukiza wote.

Nyumbani. Hapa wengi mnataka kujificha na mi nawaomba msijifiche. Mamangu alisikia kwa jirani kabla sijamwambia na ilichukua karibu mwaka aniamini tena. Wako usimpoteze hivo, kaa nae chini, mpe shikamoo, mwambie mama naenda mahali fulani, mwalimu ni fulani, tuko wasichana watupu, narudi kabla ya magharibi, na umwalike aje aone mwenyewe. Mama mmoja alikuja na leso yake akakaa pembeni siku tatu mfululizo bila kusema neno, siku ya nne akaleta mahamri ya watoto wote. Ukivaa hijabu uliza mapema sheria za mashindano unayoenda manake hazifanani. Ramadhani usiache mazoezi wala usipigane sparingi nzito na kiu, fanya mbinu polepole kabla ya kufuturu, zile za nguvu ziweke baada ya tarawehe.

Ukishakua na msingi na chini unajua, ingia mashindano ya ridhaa kwanza, yale ya bila malipo. Shirikisho kubwa la dunia la MMA ya ridhaa ni IMMAF, lilianza 2012, kwao raundi ni tatu za dakika tatu tatu na unavaa kinga za miguu. Ukilipwa kupigana raundi zinakua za dakika tano, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa mkanda, na hizo dakika mbili za juu kwa kila raundi ndo zinaua watu. Pigana ridhaa mara tano sita hivi kabla hujaitikia pesa. Jua pia utasafiri sana, kwenda Mombasa peke yake ni kilomita kaa 120 na pale ndo unaanza safari ya Nairobi, kwa hivo usiache kazi yako, mi nilikua nauza duka asubuhi nafanya mazoezi jioni miaka yote ile.

Uzani nataka msome polepole. Uzani wa wanawake UFC ni kilo 52.2, 56.7 na 61.2, na kuna mashindano mengine kama Invicta ya wanawake watupu ambayo yana hadi 47.6. Watu hupunguza maji mwilini kabla ya kupimwa alafu wanakunywa tena. Mi promota mmoja alinipigia simu siku tatu kabla, ati msichana ameumia, niko kilo tano juu, nikasema ndio. Nilikaa bafuni kwa gesti na koti la nailoni, maji ya moto yanamwagika, natafuna chingamu natema mate kwa chupa nikihesabu gramu. Uzani nilipata. Kesho yake raundi ya pili miguu haikua yangu, nikaangushwa, nikakaliwa, na kiuno kikakataa kuinuka, mbinu naijua miaka mitano lakini mwili hauna kitu. Usiku mkojo ulitoka rangi ya ukwaju nikapelekwa kuwekewa dripu, daktari akaniambia figo zilikua zinaanza kugoma. Kwa hivo chagua uzani ambao unaufikia kwa chakula, samaki, mbaazi, mchicha, ugali kiasi, ukipunguza wiki nane pole pole. Andika siku za hedhi kwa daftari manake mwili hushika maji wakati huo na mizani itapanda bila kosa lako. Hedhi ikipotea miezi mitatu na huna mimba nenda hospitali, mara nyingi ni mwili unakwambia chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, na mifupa ndo huanza kulipa hilo deni.

Mkataba usisome peke yako wala na meneja peke yake, tafuta mtu mzima anayejua karatasi. Uwe umeandikwa uzani gani, mpinzani nani, nauli na chumba chako na cha kocha analipa nani, ukiumia hospitali ni ya nani, pesa inaingia lini, na umefungwa nao mapambano mangapi. Malipo huwa mawili, ya kupigana na ya kushinda. UFC kwa miaka mingi anayeanza alikua anapewa dola 10,000 na zingine 10,000 akishinda, huku kwetu ni kidogo mno, na kwa hicho kidogo meneja na kocha hukata asilimia 10 mpaka 20, kwa hivo piga hesabu kabla ya kufurahi. Utaulizwa vipimo vya HIV, hepatitis B na C, macho na mimba, na promota asiyeuliza vipimo mkimbie. Vidonge na unga wa jimu usimeze bila kujua ndani kuna nini, ADAK, wale wa kupima dawa za kuongeza nguvu michezoni Kenya, wakikupima kilichoko mwilini ni chako.

Ukipigwa nokauti, iwe pambanoni au mazoezini, pumzika bila kupigwa kichwa siku 30 kwenda mbele hata kama unajisikia mzima, na kichwa kikiendelea kuuma au usingizi ukivurugika rudi kwa daktari kabla hujarudi kwa kocha.

Walio karibu, Jumamosi tuko Silversand maji yakishapwa, ingia na mwenzio wa uzani wowote. Kata kucha, vua vipuli na bangili, beba maji ya kunywa lita moja na nusu na ile kinga ya meno. Tutaanza kwa kulala chali.