Kuogesha ng'ombe kwa amitrazi: kipimo, kiasi cha maji na kupe wasiokufa

Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya kuogeshea ng'ombe mara nyingi ina nguvu ya asilimia 12.5. Hiyo huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo bomba la mgongoni la lita 16 linataka mililita 32. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, maana vifuniko vya chupa havilingani. Ikiwa kibandiko kinataja nguvu nyingine, fuata kipimo chake.

Vaa glavu za mpira, buti na miwani. Tia maji nusu, mimina dawa, koroga, kisha jaza. Tumia maji masafi, kwani matope huziba nozeli, na usitumie kamwe bomba lililobeba dawa ya magugu. Ng'ombe wanyweshwe kwanza, wasije wakayalamba maji ya dawa kwa kiu.

Ng'ombe mkubwa anahitaji kama lita 10. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: bomba moja hugawiwa ng'ombe kumi, migongo inalowa, kupe walio chini hawaguswi, kisha dawa inalaumiwa. Puliza kinyume cha malalio ya manyoya mpaka maji yachuruzike tumboni. Rudia makwapa, kinena, kiwele, chini ya mkia na kati ya kwato. Masikio yapanguse ndani kwa kitambaa kilicholowa dawa. Kupe wa kahawia anayeeneza ugonjwa wa ndigana kali hupenda kukaa humo. Usiogeshe mvua ikikaribia.

Kupe wakiendelea kunyonya siku tatu baadaye, kagua kwanza kipimo na kiasi cha maji. Kama vyote vilikuwa sawa, huenda wamekuwa sugu. Badilisha kiambato, si jina la chupa tu: dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa amitrazi ileile. Sipamethrini na deltamethrini ni za kundi jingine, na hufaa pia kwa nzi na mbung'o, ambao amitrazi haiwawezi vizuri.

Mchanganyiko uliobaki usiuweke hadi wiki ijayo, kwani hupoteza nguvu. Usiumwage karibu na mto wala bwawa, huua samaki.

Farasi na punda wasiogeshwe kwa amitrazi kabisa: matumbo ya farasi husimama na anaweza kufa. Ng'ombe akisinzia, akayumba au mapigo ya moyo yakapungua baada ya kuogeshwa, mwoshe kwa maji mengi na umwite daktari wa mifugo mara moja, chupa ikiwa mkononi.