Kuhama benki ya uwekezaji kwenda PE hapa Nairobi, hatua kwa hatua

Mdogo wangu mmoja, tuliyeachiana meza benki mimi nilipoondoka, alinipigia saa tano usiku siku ya Alhamisi. Jumatatu ana usaili kwenye mfuko wa PE (private equity, unaonunua hisa za kampuni na kuziuza miaka kadhaa baadaye) pale Westlands, na ndani yake kuna jaribio la modeli, yaani kujenga hesabu za kampuni kwenye Excel. "Kaka, naanzia wapi?" Tulikaa wikendi nzima na chupa mbili za chai. Haya ndiyo tuliyopitia, pamoja na machache niliyoyakumbuka baadaye.

Hatua ya 1: Funga miongozo ya New York

Karibu kila utakachosoma mtandaoni kuhusu njia hii kimeandikiwa mchambuzi wa New York. Kule kuna msimu wa usaili, na umekuwa ukianza mapema kiasi kwamba kijana husailiwa kazi ya miaka miwili ijayo kabla kiti chake cha benki hakijapata joto. Mwaka 2025 benki ya JPMorgan iliwaonya wachambuzi wake wapya kwamba atakayekubali kazi kwingine ndani ya miezi 18 ya kwanza atafutwa, na Apollo, kampuni kubwa ya PE, nayo ikasema haitasaili mwaka huo kwa nafasi za 2027.

Nairobi haina msimu. Nafasi hutokea mfuko unapomaliza kukusanya fedha, au mtu anapoondoka, na nyingi hazifiki gazetini. Chukua orodha ya wanachama wa EAVCA, chama cha mifuko ya Afrika Mashariki, uone nani ana mfuko mpya. Kisha wapigie mawakili na wakaguzi wa hesabu mliokesha nao kwenye dili. Wao hujua nani anatafuta mtu kabla ya wakala yeyote wa ajira.

Hatua ya 2: Wasifu

Ukurasa mmoja, dili tatu. Basi.

Hatua ya 3: Acha kuuza

Benki ulifundishwa kuipamba kampuni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: benki huondoka siku ya pili na ada yake, jembe hushikwa na mfuko kwa miaka mitano au zaidi. Kwa hiyo chukua dili moja uliyoifanya na uipinge kwa dakika kumi bila karatasi. Mmiliki hajilipi mshahara? Ghala ni la shemeji yake, na kodi ya pango ni ya kirafiki? Hesabu zilizokaguliwa zinasema jambo moja na zile anazopelekewa meneja wa benki jingine? Hayo yote yanapunguza EBITDA (faida kabla ya riba, kodi na uchakavu) uliyokuwa ukiitangaza.

Halafu jibu swali hili: nani atainunua kutoka kwetu? Isome Naivas, supamaketi za hapa Kenya. Mwaka 2020 kundi la wawekezaji lililoongozwa na mfuko wa Amethis, wakiwemo IFC (tawi la Benki ya Dunia) na DEG ya Ujerumani, liliingia. Mwaka 2022 likauza kwa kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius, ambao kwao wana supamaketi za Winner's. Ukiweza kueleza kwa nini mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa rejareja na si soko la hisa, maongezi yatakwenda vizuri.

Hatua ya 4: Modeli, na shilingi iliyoniangusha

Kujenga taarifa tatu za fedha unajua, siwezi kukufundisha hapa. Fungua Excel tupu, weka kipanya kwenye droo. Usipakue kiolezo cha mtu: kina tabaka sita za mikopo ya Kimarekani ambayo hapa hakuna anayekupa. Riba ihesabu kwa salio la mwanzo wa mwaka. Wanaopenda wastani huishia na fomula zinazojizungusha, na faili kujaa makosa dakika kumi kabla ya kukabidhi.

Sasa jambo lenyewe. Jaribio langu la kwanza nilitoa IRR (faida ya uwekezaji kwa mwaka) ya asilimia 20, mizania imelingana hadi senti, nikajiona fundi. Msaili akauliza swali moja: "Asilimia 20 ya shilingi au ya dola?" Nilikuwa sijaweka hata mstari mmoja wa kubadilisha fedha. Kazi nikaikosa, na usiku ule sikulala hadi nimeielewa hesabu hii.

Mifuko mingi hapa hukusanya dola na hurudisha dola. Weka shilingi milioni 1,000 dola moja ikiwa shilingi 100, yaani dola milioni 10. Baada ya miaka 5 unauza hisa kwa shilingi milioni 2,500. Kwa shilingi umepata mara 2.5, asilimia 20 kwa mwaka. Dola ikiwa 130, umerudisha dola milioni 19.2, karibu asilimia 14. Ikiwa 160, ni dola milioni 15.6, asilimia 9 na ushee. Kiwango ambacho wawekezaji hudai kwanza, kabla ya mfuko kuchukua mgawo wake, kwa kawaida ni asilimia 8. Ukitoa na ada ya usimamizi, umefanya kazi miaka mitano bure.

Na si hadithi za kutisha watoto: mwishoni mwa 2019 dola ilikuwa karibu shilingi 101, Januari 2024 ikagusa 160, miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Ndiyo maana nakataa mstari ulionyooka wa "shilingi itashuka asilimia 3 kila mwaka". Weka hali tatu, uoneshe matokeo ya kila moja.

Tahadhari, kwa sababu hapa ndipo watu hujichanganya:

Dola unayoiweka mwishoni ni ya siku ya kuuza, si wastani wa miaka mitano. Kama kampuni inaagiza bidhaa nje, dola ikipanda faida nayo inaumia, kwa hiyo usiguse kisanduku cha ubadilishaji peke yake. Gusa na gharama za manunuzi. Kama inauza maua au chai nje, mambo hugeuka. Na usiadhibu mara mbili: ukishaishusha shilingi ndani ya modeli, usidai tena kiwango kikubwa cha faida "kwa ajili ya hatari ya sarafu".

Mkopo nao usiutegemee ukubebe. Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13 na hatifungani ya miundombinu ya serikali ililipa zaidi ya 18. Ukikopa kwa bei hiyo kununua kampuni, riba ndiyo itakayoinunua.

Mitego miwili midogo. Kuanzia 2019 kanuni ya uhasibu ya IFRS 16 iliiondoa kodi ya pango kwenye gharama za kawaida, hivyo EBITDA ya maduka ikanenepa bila kuuza hata sabuni moja zaidi. Irudishe kodi ya pango kabla ya kulinganisha na 2018. Na kodi ya faida ya mtaji Kenya ni asilimia 15 tangu 2023, awali ilikuwa 5. Wakili atakuambia kama muundo wa umiliki unabadilisha kitu. Wewe weka mstari.

Hatua ya 5: Mazingira na wafanyakazi

Vijana wa benki huidharau sehemu hii. Fedha za mifuko mingi ya hapa hutoka taasisi za maendeleo kama IFC, British International Investment, Proparco, Norfund na wenzao, na hao huuliza kuhusu maji machafu na mikataba ya vibarua kabla ya kuuliza faida. Viwango vya Utendaji vya IFC ni vinane. Visome, uende na swali moja linaloihusu kampuni ya jaribio.

Hatua ya 6: Ukipata

Mgawo wako wa faida ya mfuko usiutaje kwenye usaili wa kwanza. Modeli za benki ziache benki, hata ile uliyoijenga peke yako usiku wa Krismasi. Si mali yako, na mwajiri mpya akiiona ataanza kujiuliza utaondoka kwake na nini.