Jinsi ya kumpiga mswaki mgonjwa wa kitandani asipaliwe

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni wagonjwa wanaouguzwa nyumbani: waliopigwa kiharusi, wazee waliovunjika nyonga, wenye ugonjwa wa kusahau. Mara nyingi nikifika namkuta mgonjwa ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, shuka imenyooshwa vizuri. Nikiwasha tochi kumtazama kinywani naona hakuna aliyepagusa tangu atoke hospitali. Nikiuliza naambiwa, "Huyu hali kwa mdomo, analishwa kwa mpira wa puani. Asafishwe nini?"

Basi huyo ndiye wa kusafishwa kuliko wote. Kinywa hujiosha kwa kutafuna na kwa mate. Asiyetafuna, mate yake hupungua na kuwa mazito, na utando wa bakteria hujijenga kwenye meno, ulimi na kaakaa. Mimi na wewe tukipaliwa na mate tunakohoa, yanatoka. Aliyepigwa kiharusi huenda asikohoe kabisa. Mate yanateremka mapafuni akiwa usingizini, na vijidudu vyake vyote, hadi siku mnayoambiwa ana nimonia. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya miaka 2 kutoka nyumba 11 za kutunzia wazee. Kundi moja lilipigwa mswaki kila baada ya mlo na kusafishwa na mtaalamu wa meno kila wiki: asilimia 11 walipata nimonia. Kundi lililoachwa na utaratibu wake wa kawaida: asilimia 19.

Usimsafishe amelala chali, hata ukiwa na haraka namna gani. Mwinue kwa mito mpaka awe karibu kukaa, kidevu kiinamie kifua kidogo. Asiyeweza kukaa mlaze ubavu, taulo na beseni chini ya shavu. Kama amepooza upande mmoja, upande usiopooza ndio uwe chini, maana ndio unaohisi maji na kuweza kuyatema. Kama analishwa kwa mpira, fanya kabla ya kumlisha. Mswaki ukigusa nyuma ya ulimi tumbo likiwa limejaa, atatapika.

Andaa mswaki laini wa kichwa kidogo (wa mtoto unafaa sana), kikombe cha maji, vipande vya shashi safi, tochi, glavu na mafuta ya midomo. Mafuta ndiyo ya kwanza, kwa sababu midomo iliyokauka huchanika ukiifungua.

Kisha mwambie unachofanya, hata kama unadhani hasikii. Mimi husema, "Shikamoo bibi. Nataka kukusafisha kinywa, naanza na meno ya mbele," huku nimemgusa bega, halafu shavu, halafu mdomo. Mtu akiingiziwa mswaki ghafla atang'ata meno, na ana haki. Akiuma mswaki usiuvute: mpapase shavu, subiri aachie. Kwa anayeuma kila mara natumia miswaki miwili, mmoja aung'ate, mwingine ufanye kazi. Vidole vyako vipite nje ya meno, kati ya shavu na fizi. Kamwe visiwe katikati ya meno ya juu na ya chini.

Dawa ya meno iwe yenye floraidi, isiyotoa povu jingi, na kiasi chake kiwe cha kupakaza tu. Chovya mswaki majini, ukung'ute, uuegemeze pale fizi inapokutana na jino, uuzungushe taratibu meno mawili matatu kwa wakati. Ukitoka hapo futa kwa shashi yenye unyevu uliyozungushia kidole au mswaki, ndipo uendelee. Hakuna kumimina maji mdomoni, hata kijiko. Fizi zikitoa damu kidogo usiache. Zimevimba kwa uchafu, na mara nyingi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili za kusafishwa kila siku.

Shavu la upande uliopooza lichunguze kwa tochi kila safari. Bibi mmoja presha yake ilikataa kushuka na familia ikawa inalaumu dawa. Nilipovuta shavu nikakuta vidonge viwili vimegandamana kwenye fizi, na chini yake kidonda. Alikuwa hahisi kitu upande ule.

Kaakaa likiwa na magamba makavu usiyabandue. Yalowanishe kwa shashi, subiri dakika chache, futa kutoka nyuma kuja mbele. Utando mweupe ambao ukiufuta unaacha wekundu ni fangasi, na huo unataka dawa, si kusugua zaidi. Zile pamba za ndimu na gliserini, achana nazo: tindikali inakula meno na gliserini inazidisha ukavu.

Meno bandia yatoke usiku. Utafiti mwingine wa Japani, wa 2015, uliwafuatilia wazee wa miaka 85 na zaidi. Waliolala nayo walikuwa na hatari ya nimonia zaidi ya mara mbili. Yaoshe kwa mswaki na sabuni juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike, kisha yaloweke kwenye maji baridi. Maji ya moto huyapinda.

Mwenye kisukari asikose hata siku moja. Fizi zenye maambukizi hupandisha sukari, na sukari ikipanda fizi huoza zaidi, kwa hiyo ukiona vipimo vyake havitulii bila sababu, mtazame kinywani pia.

Rudia asubuhi na usiku. Ukibanwa, usiku ndio usiouacha. Mwache ameinuliwa nusu saa kabla ya kumlaza. Mwite daktari akipata homa, akianza kupumua kwa kasi, uso ukivimba, au damu isipokoma ukiwa umebana kwa shashi dakika kumi. Na siku ya kumwona daktari wa meno beba dawa zake zote, hasa za kuyeyusha damu na za mifupa, ila usimkatishe hata moja kwa uamuzi wako.